László Papp: dhahabu tatu za Olimpiki, kulipwa hajapigwa hata mara moja, sasa mbona hakuwa bingwa wa dunia?

Wanaume wenye dhahabu tatu za Olimpiki kwenye ngumi mpaka leo ni watatu tu. Wawili ni Wacuba, Teófilo Stevenson (1972, 1976, 1980) na Félix Savón (1992, 1996, 2000), hao kila mpenda ngumi anawajua. Wa tatu, ambaye kwa kweli ndo alitangulia, ni Mhungaria anaitwa László Papp: London 1948, Helsinki 1952, Melbourne 1956. Halafu akaingia ngumi za kulipwa akiwa tayari na miaka 31, umri ambao wenzake wanaanza kufikiria kufungua baa, akapanda ulingoni mara 29, akashinda 27, sare 2, kupigwa hakuna. Ubingwa wa Ulaya akaubeba na akautetea mara sita.

Ukishamtajia mtu hizo namba swali linalofuata ni moja. Kama jamaa alikuwa mkali hivyo, mkanda wa dunia uko wapi?

Jibu ambalo wengi wanalitoa ni kwamba serikali yake ya kikomunisti ilimzuia, na ni kweli ilimzuia, ila jibu hilo likiishia hapo linaacha mambo kibao yananing'inia. Serikali iliyomzuia 1965 ndo ileile iliyomruhusu 1957, sasa ilibadilika nini? Nchi ambayo ngumi za kulipwa zilikuwa marufuku, yeye alipiganaje za kulipwa miaka nane? Na kule kwenye ridhaa kabla ya hapo, miaka kumi na kitu anazunguka dunia anapiga watu, alikuwa anakula nini? Ukivivuta vyote kwa pamoja unakuta ni kitu kimoja, kwamba mwenye maisha ya ngumi ya Papp hakuwa Papp, na kila hatua aliyopiga, ya juu na ya chini, kuna mtu ofisini alisaini karatasi kwanza.

Tuanze na ishu ya ridhaa maana mzizi uko hapo. Sheria ya Olimpiki miaka hiyo ilikuwa kali kiasi ambacho kijana wa leo anayeona wacheza tenisi mabilionea wanagombea medali hawezi kuamini. Ukipokea hela kwa sababu ya mchezo umechafuka, basi. Mmarekani Jim Thorpe alinyang'anywa dhahabu zake mbili za 1912 kisa aliwahi kulipwa vihela vya kucheza besiboli kwenye ligi za chini, na Mfini Paavo Nurmi, mkimbiaji mwenye dhahabu tisa, akafungiwa asishiriki Olimpiki ya 1932 kwa madai kwamba posho zake za safari zilizidi. Kuanzia 1952 mpaka 1972 Kamati ya Olimpiki iliongozwa na Avery Brundage, mkandarasi tajiri wa Chicago, na huyo mzee alikuwa hataki hata kusikia mwanamichezo anataja malipo. Ni rahisi kuhubiri hivyo ukiwa na majengo yako mjini.

Nchi za kisoshalisti zikaona upenyo mkubwa tu hapo. Zenyewe zikasema sisi ngumi za kulipwa hatuna, tumezifuta, kwa hiyo mabondia wetu wote kwa ufafanuzi ni wa ridhaa. Kwenye makaratasi bondia ni fundi wa kiwanda, au mwanajeshi, au mfanyakazi wa reli, au mwanafunzi wa chuo ambaye hamalizi mwaka wa tatu. Mshahara unatoka huko, mazoezi ni asubuhi na jioni, kocha analipwa na serikali, chakula kipo, daktari yupo, na pale kazini kwenyewe anaonekana kwa nadra. Kila mtu alijua na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuthibitisha. Na kusema ukweli sisi huku Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana maana timu zetu kali za ridhaa zimetoka jeshini, polisi na magereza, mashabiki wa zamani wa Kenya Police wanaikumbuka Chafua Chafua, mtu ni konstebo lakini lindo lake ni ulingoni. Tofauti ni kwamba askari wa Nairobi akichoka na mshahara wa serikali akitaka kwenda kutafuta dola, anaandika barua ya kuacha kazi. Wa Budapest hakuwa na wa kumwandikia.

Hapo ndo unaielewa hesabu ya dhahabu tatu, na nasema hivi bila kumpunguzia Papp chochote. Kwa nchi za Magharibi Olimpiki ilikuwa kituo cha basi tu. Kijana anapata medali, kesho yake promota kashafika hotelini na mkataba, anaondoka, miaka minne baadaye nchi inaleta mwingine mpya wa miaka 19. Floyd Patterson alichukua dhahabu Helsinki 1952 akiwa na miaka 17 na mwaka huohuo akaanza kulipwa. Cassius Clay, ambaye ndo Muhammad Ali wa baadaye, alichukua Roma 1960 na mwezi uliofuata kashasaini. Upande wa pili Papp hana pa kuondokea, kwa hiyo anabaki, anarudi, kila safari amekomaa zaidi, na anakutana na watoto. Stevenson na Savón ni mfumo uleule kwa Kicuba. Si bahati kwamba wote watatu wametoka nchi ndogo za kikomunisti, Hungaria ya wakati ule ilikuwa na watu wasiofika milioni 10 na Cuba nayo haikuwa mbali na hapo.

Lakini mfumo wenyewe haupigi mtu ngumi, na nchi za mfumo huo zilikuwa nyingi, Urusi, Poland, Romania, na zote hazikupata Papp.

Alizaliwa Budapest tarehe 25 Machi 1926, baba yake akafariki mapema, na ngumi zake alizianzia klabu ya wafanyakazi wa reli. Ujana wake umeangukia kwenye vita, ule mzingiro wa Budapest wa mwisho wa 1944 mpaka Februari 1945 ambao uliacha mji hauna daraja hata moja lililosimama juu ya mto Danube. Rekodi yake ya ridhaa inayotajwa mara nyingi ni ushindi 301, kupigwa 12 na sare 6, na kati ya hizo 55 zimeisha kwa KO raundi ya kwanza. Hata ukizipunguza kidogo kwa sababu ya utunzaji wa kumbukumbu wa enzi zile bado zinatisha, hasa hiyo 55, kwa sababu ridhaa ilikuwa ni raundi tatu za dakika tatu, watu wanakimbizana na pointi, KO ya mapema si kitu cha kila wiki.

Siri yake ilikuwa mkono wa kushoto, na hapa inabidi tusimame kidogo. Bondia wa kawaida anasimama mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia uko nyuma ndo wenye nguvu. Papp alikuwa wa kushoto kwa hiyo yeye ni kinyume, mguu wa kulia mbele, na ngumi nzito inatoka kushoto kwa nyuma. Wakikabiliana hao wawili, ini la yule wa kawaida, ambalo liko ubavu wa kulia chini ya mbavu, linakuwa limegeukia moja kwa moja ule mkono mzito. Akiinua kiwiko kulinda uso, ini liko wazi. Akishusha kiwiko kulinda ini, kidevu kiko wazi. Na ngumi ya ini ina ubaya mmoja ambao ya kichwa haina, mtu anaipokea, anasimama kama sekunde nzima hivi anaonekana yuko poa, halafu miguu inakata na pumzi hairudi, akili ipo timamu kabisa inamwambia inuka ila mwili umegoma. Papp alikuwa anacheza humo kati ya ini na kidevu, mfupi mfupi, anaingia ndani, harembi. Siku hizo Olimpiki haikuwa na kofia za kinga, zimeletwa 1984, kwa hiyo vitu vilikuwa vinafika.

London 1948 alikuwa na miaka 22, uzito wa kati ambao wakati ule kikomo chake kilikuwa kilo 73, na fainali akampiga Mwingereza John Wright nyumbani kwao. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa Ulaya wa ridhaa kule Oslo, na 1951 tena Milan.

Kabla ya Helsinki 1952 wakubwa wa ngumi wakapanga upya madaraja ya uzito, yakaongezwa mawili, uzito wa kati ukapandishwa mpaka kilo 75 na chini yake likawekwa daraja jipya la kilo 71. Papp akashuka huko kwenye 71. Kwenye pambano lake la mwanzo akamtoa Mmarekani Ellsworth Webb, maarufu kwa jina la Spider, ambaye baadaye alikuja kuwa mtu mzito kwenye kulipwa, na fainali akampiga Theunis van Schalkwyk wa Afrika Kusini. Sasa utamu wa hili ni kwamba lile daraja la kilo 75 aliloliacha ndo lilibebwa na yule dogo Patterson. Laiti Papp angebaki, huenda tungekuwa na pambano la Papp mwenye miaka 26 na Patterson mwenye 17, na mimi hela yangu naiweka kwa Papp bila kufikiria.

Hungaria ilirudi kutoka Helsinki na dhahabu 16, nafasi ya tatu duniani nyuma ya Marekani na Urusi tu. Nchi ndogo ile. Wanamichezo wakawa ndo sura ya taifa nje, na serikali ikawashika kwa mikono miwili, kwa maana zote mbili za kumshika mtu.

Halafu ikaja 1956.

Tarehe 23 Oktoba wananchi wa Budapest waliingia barabarani, sanamu la Stalin likaangushwa, kwa siku chache ikaonekana kabisa utawala unaondoka. Tarehe 4 Novemba vifaru vya Urusi vikaingia mjini na kuzima kila kitu. Olimpiki ya Melbourne inaanza tarehe 22 Novemba. Timu ya Hungaria ilikuwa tayari imeshatoka, wengine wako njiani Chekoslovakia wanasubiri ndege, wanasikia redioni kwamba kwao kunapigwa mabomu na hawajui nani yuko hai. Uswisi, Uholanzi na Hispania zikasusia michezo kupinga Urusi. Ile mechi ya polo ya majini kati ya Hungaria na Urusi ya tarehe 6 Desemba ambayo Mhungaria Ervin Zádor alitoka bwawani damu inamchuruzika usoni, watu wameizungumzia sana na ni haki yake, Hungaria ilishinda 4 kwa 0.

Papp alikuwa kamaliza kazi siku tano kabla. Na safari hii njia ilikuwa ngumu kuliko zote. Nusu fainali ni Zbigniew Pietrzykowski wa Poland, kijana mrefu naye wa mkono wa kushoto, ndo huyo ambaye miaka minne baadaye alikuja kupigana fainali na Cassius Clay. Fainali ni José Torres, Mpuerto Rico wa miaka 20 aliyekuwa jeshi la Marekani, ana mikono ya haraka balaa. Papp ana 30, mikono yake ilishaanza kumsumbua, nyumbani hakueleweki. Akashinda kwa pointi, la karibu karibu lakini akashinda, na dhahabu ya tatu ikawa imepatikana, kitu ambacho hakuna bondia aliyewahi kukifanya kabla.

Huyo Torres mkumbuke, tutarudi kwake.

Na kuna kitu kingine kuhusu tarehe. Fainali za Melbourne zilikuwa tarehe 1 Desemba 1956. Tarehe 30 Novemba, yaani ukipiga mahesabu ya saa za Australia na Marekani ni kama muda uleule, Floyd Patterson alikuwa Chicago anamlaza Archie Moore na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 21. Wote wawili walikuwa mabingwa wa Helsinki. Mmoja miaka minne ile kaitumia kupanda ngazi mpaka juu kabisa na mapesa yake, mwingine miaka minne ileile kaitumia kurudi palepale alipokuwa.

Sasa wanamichezo kadhaa wa Hungaria walibaki huko huko, hawakurudi. Nchi yenyewe ilikimbiwa na watu kama laki mbili kwenye miezi ile. Timu ya mpira ya Honvéd ilikuwa nje ya nchi kwa ajili ya kombe la Ulaya mambo yalipoharibika, Puskás, Kocsis na Czibor wakagoma kurudi, Puskás akaishia Real Madrid na wale wawili Barcelona. Papp yeye alirudi Budapest, na kibali chake cha kulipwa kimetokea hapo. Serikali mpya ya János Kádár imeshapoteza Puskás, imepoteza watu laki mbili, wananchi wanaichukia, na mbele yake amesimama mtu maarufu kuliko wote waliobaki, mwenye dhahabu tatu, ambaye angeweza kukimbia na hakukimbia, anaomba kitu kimoja. Mimi naona walimpa kwa sababu kumnyima wakati ule kulikuwa na gharama kubwa kuliko kumpa. Kwa hiyo 1957 Papp akawa bondia wa kwanza kutoka nchi za kambi ya Urusi kupigana ngumi za kulipwa.

Ila kibali chenyewe kilikuwa na vikwazo vyake. Ngumi za kulipwa ndani ya Hungaria zilibaki marufuku, hata kwake. Kambi ya mazoezi na mapambano ni nje, na makao yakawa Vienna, Austria, nchi ambayo ilikuwa haifungamani na upande wowote na iko kilomita mia mbili na kitu tu kutoka Budapest. Vizuri, ni karibu, isipokuwa katikati hapo ndo pamepita ule mpaka wenye waya na walinzi wenye bunduki. Kila pambano ni ruhusa ya kutoka. Kila ruhusa ni muhuri. Promota wa Paris au Dortmund anayetaka kumwandikia mkataba lazima ajiulize kwanza je huyu mtu atapewa pasipoti wiki hiyo? Ukiwa na bondia wa namna hiyo humpangii mapambano mfululizo, na ndo maana miaka nane ana mapambano 29 tu wakati mwenzake wa enzi hiyo angekuwa na 60. Ongezea mikono iliyokuwa inavunjika vunjika, muda ukapita.

Hata hivyo alichokifanya ndani ya hiyo miaka kinashangaza. 1962 alimpiga kwa pointi pale Vienna Mmarekani Ralph Jones, maarufu kama Tiger Jones, ambaye si jina dogo, huyo 1955 alimpiga Sugar Ray Robinson mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1962 akamsimamisha Mdenishi Chris Christensen na kuchukua ubingwa wa Ulaya wa uzito wa kati, ana miaka 36. Wakaja kuupigania Hippolyte Annex, George Aldridge, Peter Müller, Luis Folledo ambaye alimfuata mpaka kwao Madrid, Christensen akaja tena safari hii Copenhagen, wote hawakuondoka nao. Wa mwisho alikuwa Mick Leahy, Oktoba 1964 Vienna, raundi 15 zote. Mtu aliyelelewa kwenye raundi tatu, ana miaka 38, anakwenda 15 na kushinda. Hapa ndo huwa nawashangaa wanaosema alikuwa mtu wa ridhaa tu.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, mkanda wa dunia, na bingwa wa dunia uzito wa kati kuanzia Desemba 1963 alikuwa Joey Giardello wa Marekani. Papp ndo bingwa wa Ulaya, hajapigwa, kwenye orodha ya wagombea yuko juu, mazungumzo yakaanza. Kufikia mwanzoni mwa 1965 Budapest ikafunga mlango. Ruhusa ya kutoka kwenda kupigana haitolewi tena. Sababu waliyoitoa ni kwamba kupigana kwa ajili ya pesa hakuendani na misingi ya usoshalisti.

Unajiuliza, hiyo misingi ilikuwa wapi miaka nane? Ilikuwepo palepale. Ila kilichobadilika ni uzito wa pande mbili za mizani. 1957 Kádár alikuwa anamhitaji Papp kuliko Papp alivyomhitaji Kádár, 1965 utawala umeshakaa vizuri, watu wameshazoea, msamaha kwa wafungwa wa kisiasa ulishatoka 1963, hakuna tena haja ya kumbembeleza mtu. Na pambano la ubingwa wa dunia si sawa na pambano la Dortmund, lile ni pesa nyingi za Kimarekani, kamera, magazeti, bondia wa nchi ya kisoshalisti ananyanyua mkanda kwenye ukumbi wa mabepari na hundi mfukoni, halafu akirudi kila kijana wa klabu ya kiwanda atauliza na mimi je. Akishindwa ni aibu, akishinda ni mfano mbaya. Ukikaa kwenye kiti cha yule ofisa, na nasema hivi bila kumtetea, jibu rahisi lilikuwa hapana. Na aliyeambiwa hapana hakuwa na mahakama ya kwenda wala chama cha mabondia cha kumpigania, kilichokuwepo kilikuwa ni cha serikali hiyohiyo.

Tarehe 30 Machi 1965, Papp akiwa Budapest ameshatimiza miaka 39 siku tano nyuma, José Torres, yule dogo ambaye Papp alimpiga Melbourne, alipanda ulingo wa Madison Square Garden akamsimamisha Willie Pastrano na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi.

Kuna watu wakifika hapa wanasema basi heri mfumo wa huku kwetu, kijana anajiondokea mwenyewe. Sina uhakika kama ni rahisi hivyo. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu Seoul 1988, kilo 67, fainali akamlaza kwa KO Mfaransa Laurent Boudouani ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Hakuna Mkenya mwingine mwenye dhahabu ya ngumi ya Olimpiki mpaka leo. Wangila hakuzuiwa na mtu, alikwenda Marekani kulipwa, na 1994 akafariki Las Vegas kwa majeraha baada ya pambano na David Gonzales, ana miaka 26. Papp alikuwa na nchi iliyomshika kupita kiasi, Wangila alikwenda akiwa hana nchi nyuma yake kabisa, na sijui kwa nini huwa tunalazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili tu.

Cuba walishika msimamo wa Budapest muda mrefu zaidi. Stevenson aliwekewa dola milioni 5 mezani apigane na Muhammad Ali, akakataa, na mpaka leo watu wanabishana kama alikataa mwenyewe au alikataliwa. Wacuba wameruhusiwa rasmi kupigana za kulipwa kama timu ya taifa 2022, na Olimpiki yenyewe ilishafungua mlango kwa wa kulipwa tangu Rio 2016, walijitokeza watatu tu na hakuna aliyepata medali. Hassan N'Dam wa Cameroon, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alitoka pambano la kwanza kabisa. Hilo nalo linakuonyesha zile raundi tatu si mchezo wa watoto kama watu wanavyodhani, ni kazi nyingine yenye ufundi wake, na Papp aliziweza kazi zote mbili.

Baada ya kufungiwa akawa kocha, na kuanzia 1971 mpaka 1992 ndo alikuwa kocha wa timu ya taifa ya Hungaria. Miaka 21 anaiandalia mabondia wa ridhaa serikali ileile, mpaka serikali yenyewe ikaanguka akiwa bado yupo. Munich 1972 vijana wake walirudi na medali nne, dhahabu ya György Gedó ikiwa mojawapo. Baraza la ngumi la dunia WBC likampa heshima ya ubingwa 1989, akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa ngumi kule Marekani 2001, akafariki 16 Oktoba 2003, na ukumbi mkubwa wa michezo wa Budapest sasa una jina lake.

Je angempiga Giardello? Nimelifikiria sana hili na jibu langu linategemea mji. Giardello alikuwa mjanja, kidevu chake cha chuma, na Desemba 1964 kwao Philadelphia alimshinda Rubin Carter kwa pointi akitumia akili zaidi kuliko nguvu. Pale Philadelphia, majaji walewale, mzee wa miaka 39 mwenye mikono mibovu hapewi pambano la pointi, labda apige KO na Giardello hakuwa mtu wa kulazwa. Ila pambano likiwekwa Vienna, ukumbi umejaa Wahungaria waliovuka 1956, raundi 15, naona Papp anamfanyia kazi ya mwilini kuanzia raundi ya tatu na kufika ya kumi Giardello ameshashusha kiwiko. Tatizo ni kilichofuata. Oktoba 1965 Giardello alikutana na Dick Tiger wa Nigeria na mkanda ukaondoka, kwa hiyo kama Papp angekuwa ameuchukua yeye, Dick Tiger angekuja kugonga kwake, na kwa umri ule, kwa Dick Tiger yule, hapo hata Vienna isingesaidia.